Usilie Upande wa Kulia

Mama yangu alikuwa na jino la kula na jino la kazi. La kula lilikuwa gego kubwa la chini, upande wa kushoto, na hilo ndilo lililosaga makande, mahindi ya kuchoma na kila kilichopikwa katika nyumba yetu ya Isansa. La kazi lilikuwa upande wa kulia. Hilo chakula hakikuligusa kama mama angeweza kukizuia, kwa sababu lilikuwa la kahawa.

Kwa asiyekulia kwenye kahawa, nieleze kidogo. Kahawa yetu ikishamenywa, ikavundikwa na kuoshwa, huanikwa juu ya vichanja ikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba. Kuianika si kazi. Kazi ni kujua imekauka. Ukiiweka ndani ingali na maji, inaota ukungu. Ukiipitiliza juani, inavunjikavunjika. Siku hizi kipo kimashine cha kupimia, na mama hana ugomvi nacho, ila kinakaa kwa katibu wa kikundi na katibu hakai. Basi watu wa kwetu waliendelea kumletea mama punje chache kiganjani, kama walivyofanya tangu mimi sijaanza shule. Anaivua punje ganda kwa ukucha, anaiweka kwenye gego la kulia, anafumba macho, anang'ata kidogo tu. Ikibonyea, anasema, "Bado." Ikigoma, anasema, "Weka ndani." Ikipasuka anafumbua macho na kumuuliza mwenye kahawa alikuwa kilabu gani wiki nzima.

Watu walicheka, wakaondoka, na walifanya alivyosema. Mama aliipenda ile kazi. Hakuna aliyempa, na hakuna aliyemlipa, lakini ndiyo iliyomfanya aamke wakati wa mavuno akiwa na haraka ya msichana.

Miaka michache iliyopita lile la kushoto liliharibika. Kaka yangu akampeleka hospitali moja ya mbali na kwetu, wakasema jino halina haja ya kung'olewa, litatibiwa mzizi. Kwetu tunaita kuuliwa jino. Wanalitoboa kutoka juu, wanatoa uhai wote uliomo ndani, wanaosha, wanaziba. Jino linabaki limesimama kinywani, halina habari na mtu.

La mama lilikuwa na habari. Wifi yangu alinipigia simu dukani Tunduma, ninakouza vitenge, akaniambia, "Wifi, njoo umwone mama. Hali chakula vizuri, halali, na hasemi neno."

Nikaenda. Nilimkuta amekaa mbele ya vichanja, shavu limevimba, mikono anaipitisha juu ya kahawa kama kawaida. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza mbona hasemi, mbona hata hagumii. Akaniambia kwa meno yaliyofungwa, "Ndivyo daktari alivyotaka."

Mimi sina subira, nilirithi kwa upande wa baba. Nilimtukana yule daktari ambaye sijawahi kumwona, nikitembea uani huku na huku, na kuku wananikimbia. Mama akanitazama tu. Jioni akala makande, polepole, upande uleule wa kushoto, macho yamejaa maji ambayo hayakudondoka. Nilidhani ni ukaidi. Nikamwambia aache, akasema jino la kula ndilo la kula, la kulia lina kazi yake.

Baada ya siku kadhaa maumivu yale yalipungua, lakini baadaye kile kizibo cha muda alichowekewa kikavunjika, jino likapasuka, na mwishowe likang'olewa. Hivyo ndivyo mama alivyobaki na upande mmoja.

Sasa msimu huu uliopita, kahawa imejaa vichanjani na baridi ya Mbozi imeshika kweli, la kulia nalo likaanza.

Aliligundua kwenye kahawa. Jirani alileta punje, mama akang'ata, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akajaribu kwa meno ya mbele. Meno ya mbele yanajua kukata, hayajui kupima. Akageuza ile punje mdomoni, akaitema kiganjani, akamwambia jirani, "Kaulize kwa katibu." Wifi alinisimulia hayo kwa simu na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta taarifa ya msiba. Tangu siku ile wenye kahawa wakija, mama alikuwa anaingia jikoni na kuanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nikamwambia aje Tunduma, kuna daktari wa meno karibu na dukani kwangu, watu wanamsifu. Akakubali upesi mno, nikajua kuna jambo. Alikuja kwa bodaboda mpaka Mlowo, akapanda gari, akashuka kwangu amejifunga kilemba mpaka kidevuni. Kabla hajaketi akasema, "Analing'oa leo leo?"

"Haling'oi, mama. Analitibu mzizi."

"Basi narudi."

Tulibishana mbele ya wateja. Nilimwambia akiling'oa, habari ya kahawa imekwisha, na yeye anajua. Akasema anajua. Akasema kahawa aliipenda lakini yale maumivu ya kwanza hawezi kuyarudia, heri akae kibogoyo anywe uji mpaka siku yake. Kuna mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa anachagua vitenge. Akamuuliza, "Mulishani, mama?" kwa Kibemba chao cha kusalimia, na mama, jino linampiga na hasira zimempanda, akajibu kwa adabu zote, "Bwino." Eti hajambo! Nilishindwa nicheke au nilie. Mwisho akakubali kwenda kusikiliza tu. Kusikiliza ni bure, nikamwambia, na nikamshika mkono kabla hajageuza mawazo.

Daktari alikuwa kijana mpole, anayeongea huku akikutazama. Alimwamkia, "Shikamoo, mama," mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Akampiga picha ya jino, akaitazama, akasema linaokoka.

"Kabla hujaniulia jino," mama akasema, "nina ombi moja."

"Sema tu, mama."

"Safari hii naomba niruhusiwe kulia."

Daktari akatabasamu. "Kulia utalia, mama, wala usiwe na wasiwasi. Ila utalia upande wa kushoto. Upande wa kulia usilie mpaka nitakapoliziba kabisa."

Mama akanigeukia. "Unaona? Wote wamesoma shule moja."

"Kushoto kuna shida?" daktari akauliza.

"Kushoto sina jino. Nitalia nini?"

"Basi utalia vitu laini laini. Uji, ndizi za kuponda."

"Nilie uji?"

"Ndiyo, mama. Uji wa vuguvugu."

Mama alimtazama yule kijana kwa namna ambayo alikuwa anawatazama walevi wenye kahawa iliyopasuka. Ndipo kichwani mwangu kitu kikafunguka. Lazima niseme kwamba Kiswahili cha mama ni cha kanisani na cha kuuzia kahawa. Nyumbani ni Kinyiha tu. Kwake kula ni kula, na kutafuna ni kutafuna. Kulia kwake ni machozi, au ni upande usio wa kushoto. Kulia kwa maana ya kulia chakula hakukuwahi kupita kwenye njia zake. Kanisani wanapoambiwa wasilie, wanaambiwa wasilie.

"Mama," nikamwambia, "daktari anasema habari ya kula. Usitafunie upande huo."

Akafungua kilemba, akakifunga tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yule wa kwanza aliniambia hivyohivyo. 'Mama, usilie upande wa kushoto.' Nikajiuliza, mtu analiaje upande mmoja? Kwa jicho moja? Nikaona heri nisilie kabisa, nisije nikakosea upande nikaharibu jino."

"Na chakula?" daktari akauliza.

"Chakula hakukitaja."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na daktari naye akacheka, na mama mwenyewe akatikisika mabega huku ameshika shavu. Halafu kicheko kikaniisha mara moja. Nilimkumbuka amekaa mbele ya vichanja na shavu limevimba, na macho yaliyojaa yasiyomwagika, usiku wote ule amelala chumba kimoja na wajukuu na hakugumia hata mara moja, kwa kutii. Niliumia moyo vibaya. Nilitaka kumgombeza mtu na hapakuwa na wa kugombezwa, maana yule daktari wa kwanza alisema Kiswahili fasaha kabisa.

"Sasa nieleze," mama akamwambia kijana. "Makande yalivunja kizibo, hilo nimeelewa. Lakini yale maumivu yalianza kabla sijala. Jino si lilikuwa limeuliwa? Mfu anaumwa nini?"

Daktari akavuta kiti karibu. Alisema yeye hakuwepo siku ile, hawezi kujua, lakini atamwambia inavyoweza kuwa. Ndani ya mzizi, akasema, kuna mfereji mwembamba sana, na huko chini una kitundu. Uchafu wa jino lililooza unakaa mle, kwenye kuta, kwenye vipembe. Sindano za kukwangulia hazifiki kote. Kinachofika ni dawa ya kuoshea. Dawa hiyo ni kali, na ni lazima iwe kali. Ikisukumwa kwa nguvu moja kwa moja, inaweza kupita kwenye kile kitundu cha chini, nayo na uchafu wake, ikaingia kwenye nyama iliyo hai. Jino limekufa lakini nyama iliyolishika haijafa. Hiyo ndiyo inayopiga kelele usiku.

Mama alikuwa ameinama mbele. Neno lililomnasa lilikuwa mfereji.

"Na wewe unaoshaje huo mfereji?"

Akamwonyesha. Sindano yake ilikuwa butu, imezibwa nchani, tundu lake liko ubavuni, ili dawa itokee pembeni na kurudi juu badala ya kusukumwa chini. Haifiki mwisho wa mzizi, inaachiwa nafasi. Anaibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha ana kijiti chembamba kinachotetemeka, anakizamisha ndani ya dawa kidogo, dawa inachezacheza yenyewe na kung'oa uchafu bila kusukumwa. Na mwisho kabisa anaosha kwa maji ya chumvi yaliyotoka kwenye friji, ya baridi hasa, kwa muda, kutuliza ile nyama ya chini.

"Hakuna anayeweza kukuahidi hutaumwa hata kidogo," akasema. "Wengine wanaumwa pamoja na hayo yote. Lakini wengi yanapungua."

Mama akanigeukia tena, safari hii uso umechangamka. "Kumbe anaosha kama kahawa!"

Na ni kweli, ndivyo tunavyoosha. Kahawa ikishavundikwa ina ute, na mfereji wetu ule wa saruji umetelemka kidogo. Mtu asiyejua anafungulia bomba kwa nguvu na kuisukuma kahawa yote kule mwisho, ute na maganda yanajazana mlangoni, na punje zinachubuka. Mama hakuruhusu. Kwake maji yaliingia polepole, kahawa ikakorogwa kwa kibao mpaka ute ukaachia wenyewe, maji machafu yakatolewa, yakaingia mengine, na ya mwisho yalikuwa ya chemchemi, ya baridi yanayouma vidole. Alimweleza daktari hayo yote, na mikono yake ikikoroga hewani. Kilichomtia shaka ni ile friji tu. Kwetu jino linaloumwa linakandwa kwa chumvi ya moto, na maji ya baridi ni adui yake mkubwa. Akawaza, kisha akasema kama ni kama kahawa, basi sawa.

"Lakini nikuulize la mwisho, mwanangu. Jino likishakufa, litaijua kahawa?"

Nikamweleza daktari kwa kifupi. Hakucheka.

"Sijui, mama," akasema. "Baridi na moto halitasikia tena. Lakini uzito wa kung'ata hausikiwi na jino lenyewe, unasikiwa na hiyo nyama iliyolishika, na hiyo inabaki hai. Nadhani litajua. Kuapa siwezi."

Mama akafungua mdomo.

Nilikaa pembeni nikamshika mguu, maana mkono ulikuwa mbali. Akachomwa ganzi, akafunikwa mdomo kwa kipande cha mpira chembamba, jino likatokeza peke yake. Chumba kilinuka dawa ya kung'arishia mashuka. Kile kijiti kilipotetemeka kilitoa mlio wa mbu. Nilitazama kidole cha daktari juu ya bomba la sindano, kikibonyeza kwa upole hata nikawa natamani akaze kidogo tumalize. Nimesema sina subira. Nje malori yanayosubiri kuvuka mpaka yalinguruma na kuzimwa, yakanguruma tena. Alipofika kwenye maji ya friji nilimwona mama anafumba macho vilevile anavyoyafumba akiwa na punje mdomoni.

Tukarudi dukani, akalala kidogo nyuma ya marobota ya vitenge, na mimi nikaanza kungoja maumivu. Sijawahi kungoja kitu nisichokitaka kwa makini vile. Kila alipojigeuza nilimwinamia. Ganzi ilipoisha akasema kuna kitu kinagonga kwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Akanywa vidonge alivyopewa. Nikamwambia, "Mama, kulia unaruhusiwa. Lia." Akajibu, "Nikitaka nitalia." Hakulia. Akanywa uji, akalala usiku kucha mpaka mimi ndiye niliyekesha.

Asubuhi alikuwa na mashaka. "Mbona haliumi? Labda hakuosha."

"Ameosha, mama. Nilimwona."

"Labda hakufika ndani."

Ilibidi nicheke. Mwanamke aliyekimbia daktari kwa kuogopa maumivu, sasa anayadai. Aliligusa kwa ulimi kutwa nzima kama mtoto. Lilikuwa na uchungu kidogo likiguswa, siku mbili tatu, kisha likatulia. Tulirudi likazibwa kabisa, na baadaye likavikwa kofia yake ngumu ya kulilinda. Mama akauliza tena kuhusu kahawa, na daktari akasema punje moja, taratibu, asiipasue. Mama akamwambia hajawahi kuipasua ya mtu, wanazipasua wenyewe kwa uvivu.

Nilimsindikiza Isansa. Habari zilikuwa zimetangulia kwa mdomo wa wifi. Hatujakaa vizuri, yule jirani wa kwanza akaja na kiganja kimefumbwa. Akakifumbua mbele ya mama. Ilikuwa kahawa ya mwisho ya msimu.

Mama alichagua punje kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Akaivua ganda kwa ukucha. Akaiweka kulia. Akafumba macho, na mimi nikagundua kwamba nimekaza meno yangu mwenyewe. Sikuwa nawaza tena maumivu. Nilikuwa nawaza ataingia jikoni.

Akang'ata. Akakaa. Akaihamisha kidogo kwa ulimi, akang'ata tena, polepole.

"Bado," akasema.

Jirani akauliza, "Bado sana?"

"Bado jua la leo na la kesho. Usiongeze. Na usiende kilabu."

Jirani akacheka, akashukuru, akaondoka na kahawa yake. Mama aliitoa ile punje mdomoni, akaitazama kiganjani. Ilikuwa na alama ndogo ya jino, imebonyea bila kuvunjika. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

Nilishtuka. "Mama, linauma?"

"Haliumi." Akaifumba punje mkononi. "Lakini si nimeruhusiwa?"

Na hapo mama yangu akalia kwa sauti, mbele ya vichanja, mchana kweupe, machozi yakimshuka pande zote mbili.